Kukhu Alivyogombana na Mfalme

Kitabu nilikikuta Kitale, chini kabisa, juu ya gunia lililotandikwa kando ya barabara, kati ya kitabu cha hesabu cha darasa la nne na Biblia isiyokuwa na jalada. Nilikuwa nimetoka kula chakula cha mchana nikirudi kazini, kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, na miguu ilisimama kabla macho hayajamaliza kusoma. Nikachuchumaa. Jalada lilikuwa jipya na picha ilikuwa nyingine, lakini mfalme alikuwa yule yule na lango lile lile.

"Hiyo chukua tu, madam," mama mwenye vitabu akaniambia. "Imekaa hapa tangu Januari. Watoto wa siku hizi hawataki mambo ya kuigiza, wanataka tu ya kupita mtihani."

Nilikichukua, na siku hiyo, ndugu msomaji, waliokuja kununua dawa ya kupe walingoja kidogo.

Ni tamthilia ya zamani, ya msiba, iliyotoka nchi ya mbali na kutiwa katika Kiswahili kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani hatukuwahi kuiita kwa jina lake. Nakala yetu haikuwa na jalada wala kurasa za kwanza, kwa hiyo tuliiita kitabu cha lango, basi. Nikisema sisi, nina maana mimi na kukhu. Kukhu ndiyo nyanya kwa lugha ya kwetu Bungoma, na huyu alikuwa mama yake baba.

Alasiri ile nilikisoma chote nikiwa nimekaa nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, na kuna maneno niliyoyatafuta nikayakosa. Nilikuwa na hakika kwamba mlinzi wa lango anauliza mama wa mfalme amekula nini tangu jana. Kwa miaka ishirini nimeyakumbuka maneno hayo kuwa ndiyo matamu kuliko yote katika mchezo ule. Nilipekua mbele, nikapekua nyuma. Hayamo. Kitabu kizima hakina mtu hata mmoja anayeuliza mama yule amekula nini. Aliyeuliza alikuwa kukhu, ameketi mkekani barazani kwake, upande wa Sirisia, ungo wa maharagwe mapajani. Basi nikafunga kitabu, nikakaa pale nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

Ngoja nikueleze nilivyofika kwenye baraza ile.

Baba alikuwa karani Kitale, nasi watoto tulikuwa tumejaa katika nyumba ya chumba kimoja hata mama akawa anatupanga kulala kama viazi kwenye gunia. Nilipofika miaka kumi na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ikaamuliwa kwamba mimi, wa tatu, niende kwa kukhu nikamsaidie kazi. Nililia njia nzima. Ningejua ninapelekwa wapi, ningeimba.

Boma la kukhu lilikuwa kwenye mteremko unaotazama mlima Elgon. Asubuhi mlima ulikuwa wa buluu, adhuhuri ulivaa mawingu, na alasiri mvua ilishuka kutoka huko tukiiona inavyokuja, shamba kwa shamba, mpaka inapiga mabati yetu. Nyumba ilikuwa ya udongo, imesiribwa vizuri kwa samadi ya ng'ombe, na kila Ijumaa nilikuwa naisiriba upya barazani nikinung'unika. Nilichota maji chemchemini. Nilichuma mboga, saka na murenda. Niligeuza kahawa iliyoanikwa kwenye waya ili ikauke pande zote, na niliifukuzia kuku. Kazi zilikuwa nyingi na nilizichukia zote, na leo hakuna hata moja nisiyoitamani.

Chakula cha kukhu kilikuwa kile kile, nami sijapata kushiba namna ile tena. Ugali wa wimbi, mweusi, mzito, unaoshika mkono. Murenda iliyopikwa kwa munyu, chumvi ya majivu, inavutika hadi unaikata kwa kidole. Viazi vitamu vya kufukiwa kwenye jivu la moto, vinavyotoka na ngozi nyeusi na ndani njano. Na chai, chai ya maziwa matupu karibu, yenye harufu ya moshi wa kuni. Mashine ya kusaga ya jirani ililia kutwa, tu-tu-tu-tu, hata siku iliponyamaza tukawa tunaulizana kuna nini.

Kukhu hakujua kusoma, lakini Kiswahili alikijua. Ujanani alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kitale, akichuma pareto na kupura mahindi pamoja na watu wa kila kabila, na huko ndiko alikojifunza alichokiita Kiswahili cha shamba. Hakikuwa na adabu za ngeli. Kila kitu kwake kilikuwa "hii" na "ile". Mwalimu wangu wa Kiswahili angemsikia angeshika kichwa, ingawa sijapata kumsikia mtu mwingine aliyeweza kusema mengi kwa maneno machache hivyo.

Huyo mwalimu ndiye aliyenipa kitabu. Alikuwa mwembamba, sweta moja ya kijani mwaka mzima, chaki mfukoni. Siku ya kufunga shule mwezi wa nane alinibakiza darasani baada ya wenzangu kuondoka, akafungua kabati, akatoa kitabu kile kisicho na jalada akanipa. "Insha yako imenifurahisha," akasema. "Hiki ni kigumu kwako. Soma polepole. Ukikwama mahali, soma kwa sauti." Nilikikimbiza nyumbani nikiwa nimekificha kifuani kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue. Katika nyumba ya kukhu kulikuwa na jina lisilotajwa. Kitinda mimba wake, senge yangu, ndiyo kusema shangazi, alikuwa ameolewa mjini Bungoma na fundi cherehani Mwislamu, mtu wa mtaa wa karibu na msikiti. Hakuaga, hakuombewa kanisani. Alikwenda tu, akabadilisha hata jina. Kukhu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na aibu ile ilimchoma. Aliwaita wazee wa ukoo na majirani, akasimama uani mbele yao, akaapa kwamba mtoto huyo hatakanyaga kwake tena yeye akiwa hai. Mimi sikuwepo, lakini nilisimuliwa na wengi, kila mmoja akiongeza chumvi yake.

Kila Krismasi senge alituma leso kwa mkono wa wanawake waliokwenda soko la Bungoma. Kukhu alimshukuru aliyeileta, akaikunja leso, akaitia sandukuni bila kuivaa. Mwaka ninaokusimulia zilikuwa zimefika sita.

Likizo ile ya mwezi wa nane ilikuwa na mvua kila alasiri, na vijana wa jando walikuwa wanapita barabarani na njuga zao wakialika watu wa ukoo. Mimi nilikuwa barazani na kitabu changu. Nilikwama. Nikakumbuka maneno ya mwalimu, nikaanza kusoma kwa sauti. Kukhu alikuwa jikoni.

"Ati mfalme amefunga nini?" akauliza kutoka ndani.

"Lango, kukhu. Lango la mji."

"Kwa nini?"

"Huko nje kuna ugonjwa unaua watu. Amesema aliye ndani abaki ndani na aliye nje abaki nje. Ameapa kwa kaburi la baba yake."

Kukhu akatoka na ungo wake akaketi. "Amefanya vizuri," akasema. "Endelea."

Kuanzia siku ile mimi nilisoma, yeye akachagua maharagwe. Nikinyoosha mkono nimsaidie, aliupiga kofi dogo. "Wewe soma. Hii maharagwe ni kazi yangu." Unaweza kufikiri ilikuwa raha gani kwa mtoto kuondolewa kazi kwa ajili ya kitabu. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na kukhu alikitazama kidole kile kama vile naye alikuwa anafuata herufi.

Katika sehemu ya kwanza, watu wa mji wanamlilia mfalme awafungulie ndugu zao. Anakataa. Kukhu alikuwa upande wake kabisa. "Mfalme akishasema mbele ya watu, amesema," aliniambia. "Akirudi nyuma leo, kesho nani atamsikia?"

Katika sehemu ya pili, mlinzi wa lango anapanda ngazi za ikulu usiku, anamwambia mfalme kuna mwanamke mzee nje. Alikuwa amekwenda mji mwingine kumzika dada yake. Si mgonjwa. Ni mama yako.

Mikono ya kukhu ilisimama ndani ya ungo.

"Mama ya nani?"

"Ya mfalme, kukhu."

"Na amekaa hapo nje tangu lini?"

"Siku mbili."

"Amekula nini?"

Nikatafuta. "Haijaandikwa, kukhu."

"Angalia vizuri, bana. Mtu ako nje siku mbili, mvua inanyesha, hawa wengine wanaongea maneno marefu marefu, na hakuna mtu anauliza huyo mama amekula nini?"

Hapo ndipo ugomvi wake na mfalme ulipoanza. Haukuishia barazani. Alimsema akikamua ng'ombe, akimwaga majivu, akisuka mkeka. "Na huyo kichwa ngumu, leo atafungua?" aliniuliza nikirudi chemchemini, nami nilijibu kwamba bado hatujafika hapo. Siku nyingine alimtetea kidogo. "Anaogopa watu watasema sheria ni ya maskini peke yake. Hiyo ni kweli pia, watasema." Kisha baada ya muda: "Lakini si waseme tu?"

Nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mjinga. Niliona tunasoma kitabu kimoja na yeye anasikia kingine.

Katikati ya siku hizo akaja jirani yetu muuza ndizi, aliyekwenda Bungoma kila wiki. Hakuketi. Alisimama kwenye kona ya baraza akasema ameonana na senge. Ana mimba ya miezi saba na miguu imevimba hata viatu haviingii. Ile mimba ya kwanza iliharibika, kwa hiyo daktari amemwambia safari hii asisimame, alale tu. Mume anashinda kwenye cherehani ili wapate kula. Hana mtu wa kumpikia hata uji.

Mimi hata hiyo mimba ya kwanza sikuwa nimeisikia. Nadhani kukhu naye hakuwa ameisikia, kwa sababu alishika ukingo wa ungo kwa mikono yote miwili. Lakini alisema tu, "Ana watu wake huko." Jirani akaenda zake. Nilipofungua kitabu, kukhu akaniambia nikifunge, kichwa kinamuuma.

Siku mbili hatukusoma. Nyumba ilikuwa kimya hata mashine ya kusaga ikawa kama inapigia masikioni. Kwa hamu yangu mwenyewe nilijificha katikati ya miti ya kahawa nikamaliza kitabu peke yangu, na nilipomaliza nilitamani nisingejua kusoma.

Siku ya tatu mvua ilipokatika, kukhu aliketi mahali pake akasema, "Lete hiyo kitabu. Tumalize."

Nilifungua ukurasa wa sehemu ya tatu, nikaweka kidole, na nikaanza kusema uongo. Nilisema mfalme aliamka asubuhi na mapema, akachukua ufunguo, akakimbia mwenyewe mpaka langoni, akafungua. Mama yake akaingia akitembea kwa mkongojo, wakakumbatiana, wanawake wa mji wakapiga vigelegele, ikapikwa karamu.

Kukhu alikitazama kidole changu. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Safari hii mama akaingia amebebwa na vijana wanne.

"Kidole yako imelala mahali moja tangu tuanze," kukhu akasema polepole. Hakuwa na hasira. "Hiyo umetunga wewe. Soma ile imeandikwa."

"Ni mbaya, kukhu."

"Mimi ni mtu mzima. Soma."

Nikasoma. Mfalme anahangaika usiku kucha, anaamka kabla ya jua, anashuka peke yake bila walinzi na ufunguo mkononi. Anafungua. Mama yake alikuwa amekaa akiegemea lango kwa upande wa nje, na mbao zinapovutwa anaangukia ndani, miguuni pa mwanawe. Amekwisha kuwa baridi. Mfalme anavua taji, analiweka kwenye kigoda cha mlinzi, anatoka nje ya mji, na hakuna anayejua alikokwenda. Nilimaliza nikiwa nalia hata maneno ya mwisho sikuyaona, niliyasema kwa sababu nilikuwa nimeyashika.

Kukhu hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Ufunguo alikuwa nayo siku zote?"

"Ndiyo, kukhu."

"Kwa mfuko yake?"

"Kwa mfuko wake."

Akainuka, akamimina maharagwe kwenye debe, akaenda kumkamua ng'ombe ingawa saa ya kukamua ilikuwa bado.

Asubuhi yake niliamshwa na kelele za kuku. Kukhu alikuwa amemkamata tembe mweusi, yule aliyetaga kuliko wote, na anamfunga miguu kwa kamba ya mgomba. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na juu yake amejitanda leso, mpya, yenye mikunjo ya kukaa sandukuni. Nilikimbia kuosha miguu.

Muuza ndizi alitupa nafasi kwenye pikapu iliyobeba mzigo wake. Alipomwona yule kuku akacheka. "Mama, si ungemchinja hapa? Mzigo ungekuwa mwepesi."

"Wale hawali kitu imechinjwa na mtu kama mimi," kukhu akajibu. "Niliuliza."

Mpaka leo, msomaji wangu, sijui alimuuliza nani, wala mwaka gani.

Bungoma ilinukia mafuta ya kukaangia na vumbi lililolowa. Mtaa wa karibu na msikiti ulikuwa na vibaraza vingi, na kwenye kimoja kulikuwa na mwanamume amejiinamia kwenye cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Alipoinua macho alitutambua. Sijui alitutambua vipi, labda kwa ile leso. Alisimama haraka, akashuka barazani, akatupisha akiangalia chini. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawapeani mkono, na fundi yule ambaye si wa kwetu alikuwa amejifunza mila hiyo bila kufundishwa na sisi.

"Karibu, mama," akasema akiitazama ardhi. "Ako ndani."

Kukhu alimweka kuku chini, katikati yao, akanigeukia mimi. "Mwambie hii ni yake. Achinje mwenyewe."

Nikamwambia, ingawa alikuwa amesimama hatua mbili na amesikia kila neno.

"Mwambie nimeshukuru sana," akanijibu, akainama kumwokota kuku.

Mlango ulikuwa na pazia tu. Kukhu alisimama mbele ya pazia lile kwa muda mrefu, mkono ukiwa umeinuliwa nusu. Kisha akasema, "Hodi."

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani, ya mtu asiyejua anamkaribisha nani. Halafu, "Mama?"

Tukaingia. Senge alikuwa amelala kitandani, miguu imewekwa juu ya mto, uso wake ni uso wa baba kabisa. Alijaribu kuinuka, kukhu akamrudisha kwa mkono. Walitazamana.

"Si uliapa, mama?" senge akasema.

"Niliapa wewe hutaingia kwangu. Sikuapa mimi sitaingia kwako."

Nilidhani senge atacheka. Aligeukia ukuta, akalia kilio cha hasira, akipiga godoro kwa ngumi. "Miaka sita, mama. Sita! Nilizika mtoto peke yangu."

"Najua."

"Hujui."

"Ni kweli," kukhu akasema. "Sijui." Akaketi ukingoni mwa kitanda, akavua leso akamfunika nayo miguu iliyovimba, akaacha alie mpaka akachoka. Nje tulisikia kuku akipiga mabawa mara moja, kisha kimya. Ndipo kukhu akauliza, kwa sauti ile ile ya barazani kwetu, "Umekula nini leo?"

Hakuwa amekula kitu. Kukhu akakunja mikono ya gauni la kanisani, akaniambia nimwonyeshe jiko liko wapi, kana kwamba mimi nilikuwa mwenyeji.

Alikaa Bungoma wiki tisa. Shule ilipofunguliwa nilirudi nikawa nalala kwa muuza ndizi, na kila Jumamosi aliniletea salamu kutoka mjini: kwamba kukhu anapika uji wa wimbi hata majirani wanakuja na vikombe, kwamba anazozana na wenye nyumba juu ya maji, kwamba fundi amemshonea gauni na vipimo amechukua kwa macho, kwa mbali, asimkosee heshima. Kisha Jumamosi moja alikuja akicheka tangu kwenye miti ya ua. Mtoto amezaliwa. Msichana, mdogo, lakini analia mpaka hospitali nzima inamjua. Amepewa jina la kukhu.

Kilichobaki kilikuwa kile kiapo. Kukhu angeweza kukizunguka maisha yake yote, akawa yeye ndiye anayekwenda mjini. Hakufanya hivyo. Krismasi ilipokaribia aliwaita watu wale wale, wazee wa ukoo, majirani, akina mama wa kanisa. Walijaa uani. Senge alikuwa amesimama nje ya uzio, mtoto mgongoni, fundi nyuma yake kidogo. Mzee mmoja, ndugu wa marehemu babu, akasema maneno yaliyosemwa mbele ya ukoo si mchezo wa watoto, na mtu akiyameza hivi hivi watu watamcheka.

"Ni kweli," kukhu akamjibu. Alikuwa mfupi, na siku hiyo sauti yake haikuwa kubwa. "Kuna mfalme mmoja aliogopa kuchekwa, na mama yake akafia mlangoni. Mimi nilisema mbele yenu, na nilikosea. Nichekeni."

Hakuna aliyecheka. Watu walitazamana, wengi wakijiuliza ni mfalme gani huyo. Kukhu akatembea mpaka kwenye uzio, akamtoa mtoto mgongoni kwa mama yake, akampakata, akaingia naye uani, na senge akamfuata. Fundi alichinja kuku wote wa sikukuu ile.

Baada ya hapo senge alikuja kila alipoweza, na mtoto yule alijifunza kutembea kwenye baraza niliyoisiriba mimi. Kukhu alivaa leso zote, moja baada ya nyingine, mpaka zikapauka. Alituacha nikiwa kidato cha tatu. Aliugua siku chache tu, na kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja ya senge.

Baraza ile haipo tena. Baba mdogo amejenga nyumba ya matofali, nzuri, yenye vigae sakafuni, na mikahawa imeng'olewa ikapandwa miwa. Mashine ya kusaga imehamia sokoni. Chemchemi ina bomba. Vijana wa pale hawajui murenda ya majivu, na siwalaumu, mimi mwenyewe nikijaribu kuipika Kitale inanishinda. Siwezi kukuonyesha mahali hata pamoja nikakwambia hapa ndipo tulipokaa.

Lakini mwalimu bado yupo. Mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta Kanduyi, nilikoambiwa anaishi na mkewe tangu astaafu. Nilimpata ameketi nje ya nyumba yake akiota jua, amenenepa kidogo, macho yamefifia. Nilimweleza mimi ni nani. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, na nikaona hanikumbuki. Nikamweleza habari ya kitabu.

"Nilipeana vitabu vingi," akasema, na uso ukaonyesha haya kidogo. "Na vyote vilikuwa vya shule, si vyangu. Sikufaa kuvitoa. Lakini vilikuwa vinaoza tu kwenye lile kabati."

Basi nikamsimulia yote haya niliyokusimulia wewe. Mkewe alitoka na chai akabaki amesimama na birika mkononi. Nilipomaliza, mwalimu akauliza, "Na huyo mtoto?"

"Ni msichana mkubwa, mwalimu. Anasoma chuo kikuu, Kibabii, hapa karibu. Mwaka wa pili."

"Hapa Kibabii?"

Nikatoa simu nikampigia. Nilimwambia binamu yangu niko na mwalimu wangu wa zamani na anataka kumsalimia. Mwalimu aliipokea simu kwa mikono miwili. Alimwuliza yu mzima, anasoma nini, wanakula vizuri huko chuoni? Nilimsikia msichana akimjibu haraka haraka, akicheka, asijue anaongea na nani. Hata kwa jina hakuwa amewahi kumsikia. Mwalimu akamwambia asome sana, akanirudishia simu baada ya kuifuta kwa ukingo wa shati.

"Sauti yake ni nzima kabisa," akasema, akamgeukia mkewe kana kwamba mama yule hakuwa amesimama pale muda wote. "Umeisikia? Nzima kabisa."